Peasi likitoka kwenye baridi, usilihukumu siku hiyohiyo

Mwezi wa Mei, maua ya msimu mpya yameshapukutika, sisi bado tunafungua vyumba vya mapeasi ya aina ya Anjou yaliyochumwa Septemba ya mwaka uliopita. Mimi napima ubora kwenye ghala la matunda, bonde la Wenatchee, jimbo la Washington. Mlango ukifunguliwa, wenzangu hufurahi: tunda ni la kijani, gumu, linang'aa. Mimi furaha yangu naiahirisha kwanza.

Tunda hilo limekaa kwenye baridi ya karibu nyuzi -1 za Selsiasi, oksijeni ikiwa imepunguzwa hadi asilimia 2 hivi, ili lipumue polepole. Kasoro nyingi hazijionyeshi mle. Kwa hiyo nachukua matunda machache, nayapanga mezani penye nyuzi 20, nasubiri wiki nzima. Siku zikisogea, ganda linaweza kuanza kutoka mabaka ya kahawia, kama kitambaa kilichomwagikiwa chai. Chanzo ni alfa-farnesini, kemikali ambayo ganda hujitengenezea lenyewe. Miezi ikipita, inaungana na oksijeni na kuzalisha sumu inayoua seli za ganda. Ndani nyama inaweza kuwa safi kabisa, lakini mteja ataliacha hapohapo.

Ipo gesi iitwayo 1-MCP, inayolizuia tunda lisiitikie ethilini, yaani ile gesi ya kuivia. Mabaka yanapungua kweli. Shida ni kwamba tofaa watu wanalitaka gumu, ila peasi lisipolainika halina utamu wala maji. Dawa ikizidi, tunda linabaki gumu na kijani hata ukilivundika. Kwangu huko si kuhifadhi. Heri chumba kifunguliwe Februari kikiwa na matunda yatakayoiva, kuliko kusubiri bei ya Juni na kumuuzia mtu kitu kisicholika.

Nawe ukilinunua, usilingoje ligeuke njano, kwa sababu Anjou huiva likiwa kijani vilevile. Wala usilifinye tumboni. Peasi huanza kuiva ndani, hivyo bonyeza taratibu shingoni, karibu na kikonyo. Kama bado gumu, litie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, uliache nje ya friji. Shingo ikishalegea kidogo, lirudishe kwenye friji na ulile ndani ya siku chache.