Chunjua za asumini

Mama alinipigia simu usiku kunieleza kwamba asumini yake imeota chunjua. Nilicheka. Jumamosi nilipoingia uani kwake, Tanga, kicheko kiliniisha. Vitawi vilijaa vinundu vya kahawia vinavyong'aa, kila kimoja kama nusu ya choroko, vimepangana mithili ya shanga. Majani ya chini yalikuwa meusi kana kwamba yamefukizwa kwa kibatari. Maua yenyewe hayakutosha hata kikuba kimoja.

Jirani alishasema ni kijicho. Mimi, msomi wa nyumba, nikasema ni ugonjwa wa mti na dawa yake ni panga. Nikafyeka nusu ya kichaka, matawi nikayarundika chini ya mlimau. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni, kimya. Ningekuwa na akili ningeacha hapo hapo.

Jioni tukampelekea kitawi mzee mmoja wa Lushoto anayeuza miche kando ya barabara. Kabla hata hajakifungua kwenye gazeti akauliza, "Sisimizi wanapanda?"

Wanapanda, tena kwa msururu.

Akapenyeza ukucha wa kidole gumba pembeni ya kinundu, akakibandua. Kilitoka kizima kama kofia. Gome lililokuwa chini yake halikuwa na kidonda wala kovu. Ndani ya ile kofia mlikuwa na unga wa rangi ya waridi iliyopauka.

"Mayai haya. Uvimbe wa mti haubanduki hivi, ungechana gome. Huyu ni mdudu gamba, sisi tunamjua kwenye mibuni."

Kumbe jike akishakomaa hahami tena. Ananyonya utomvu palepale mpaka anakufa, na gamba lake linabaki limefunika mayai. Anachotoa ni maji matamu: sisimizi wanayafuata, na juu ya majani yanaota ule ukungu mweusi. Gamba halipenyeki kwa dawa kirahisi. Wa kuwahiwa ni watoto wake, wadogo kama vumbi, maana hao ndio wanaotembea. Maji ya sabuni yanawatosha.

"Na matawi uliyokata, umeyachoma?"

Nikamtazama Mama. Mama akatazama barabarani.

Tuliyachoma usiku ule ule. Jumapili nzima nikashinda nasugua vitawi kwa mswaki mkuukuu na sabuni ya kufulia, nikahesabu mia mbili, nikachoka kuhesabu.

Baada ya miezi mitatu Mama akapiga tena. Asumini imechanua, akasema, harufu inafika hadi msikitini.

"Ila mlimau wako, mwanangu, umeota chunjua."