Nilivyopima vyakula vya mahindi kutafuta GMO, na mchele ulionifungua macho

Mama yangu ana mashine ya kusaga Kisauni, Mombasa. Wako wanaokuja na mahindi yao kwenye ndoo, na wako wanaonunua kwake kwa kibaba akawasagia papo hapo. Baraza la Mawaziri lilipoondoa marufuku ya vyakula vya GMO tarehe 3 Oktoba 2022, marufuku iliyokuwapo tangu Novemba 2012, maswali yalianza kabla wiki haijaisha. "Mama, haya si yale mahindi ya GMO?" Mtu anauliza huku kashika punje kiganjani, anazigeuza, anazitazama juani. Mama hakuwa na la kujibu. Akanipigia simu, maana wakati huo nilikuwa kwenye masomo ya shahada ya pili, nashinda katika maabara ya vinasaba ya chuo. "Wewe si ndiyo kazi yako hiyo? Basi pima, utuambie."

Nilimwomba msimamizi wangu, akakubali niifanye kama sehemu ya mazoezi yangu ya utafiti. Nikakusanya sampuli 12: mahindi ya mzee mmoja wa Kaloleni anayemuuzia mama, mahindi ya soko la Kongowea, mahindi yaliyoletwa na lori kutoka Kitale, pakiti mbili za unga wa sima, unga wa uji wa mchanganyiko, kornflekisi, chipsi za njano za mahindi zilizotengenezwa Afrika Kusini, bisi, mahindi ya kopo, kornistachi na mafuta ya mahindi.

Niseme jambo moja mapema, kwa sababu huku kwetu chochote kikubwa kupita kawaida huitwa GMO: kuku wa wiki sita, nyanya ngumu, tikiti lisilo na mbegu. Hivyo vimetokana na kuchagua na kuchanganya mbegu bila kutia jeni ngeni, na mahindi chotara tunayonunua dukani ni vivyo hivyo. GMO ni kiumbe kilichotiwa jeni maabarani. Na kwa macho huwezi kumjua. Afrika Kusini inalima mahindi ya GMO meupe ya sima tangu 2001, na punje yake ukiiweka pembeni ya ile ya Kitale hutatofautisha kwa rangi, ukubwa wala ladha.

Kinachotafutwa basi ni maandishi yaliyo ndani ya punje, yaani vinasaba. Wanasayansi wanapotia jeni ngeni kwenye mmea, huifunga kati ya swichi ya kuiwasha na alama ya kuisimamisha. Swichi inayotumika sana inaitwa promota ya 35S, na imetolewa kwa virusi vya mosaiki ya koliflawa. Alama ya kusimamisha ni NOS, kutoka kwa bakteria wa udongoni, Agrobacterium. Ukizipata hizo kwenye mahindi, kuna mkono wa mtu. Lakini usitafute moja ukatosheka: mahindi ya MON 810, yenye sumu ya Bt inayoua viwavi, yana 35S lakini hayana NOS. Na ukipima chakula chenye kabichi au sukuma, 35S inaweza kutokea kwa sababu ya virusi wenyewe, bila GMO yoyote.

Kuna vijiti vya karatasi pia, mfano wa vile vya kupimia mimba. Unasaga mahindi mabichi, unatia maji, unatikisa, unachovya, na baada ya dakika chache mistari inajitokeza. Ni rahisi na vinafaa ghalani. Kasoro yake ni kwamba vinapima protini, na protini ikipata moto huharibika. Kwa chipsi na kornflekisi havikufaa. Kijiti cha Bt pia hakiwezi kukuambia habari za mahindi yaliyotiwa jeni ya kustahimili dawa ya magugu, kwa kuwa protini yake ni nyingine. Ilinibidi nitumie PCR, ambayo hupima vinasaba vyenyewe. Njia hii imewahi kutikisa taifa zima: mwaka 2000 huko Marekani, makundi ya watetezi wa mazingira na walaji yalipeleka maabara taco za dukani, zikakutwa na mahindi ya StarLink yaliyokuwa yameruhusiwa kwa chakula cha mifugo tu. Vyakula vingi viliondolewa madukani. Taco imesagwa, imekaangwa, imetiwa pakiti, na bado vinasaba vilisema.

Kazi ilianza kwa kuhesabu. Ikiwa punje moja katika kila 1,000 ni ya GMO, unahitaji kuchukua punje kama 3,000 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba angalau moja imeingia. Punje 3,000 ni karibu kilo moja. Kwa hiyo kila sampuli ya mahindi nilichota kidogo kidogo juu ya gunia, katikati na chini, mpaka ikatimia kilo. Kisha nikasaga hadi ukawa laini kama poda ya mtoto, nikachanganya, maana mwishowe unachopima ni miligramu 200 tu, kiasi cha ncha ya kisu.

Hizo miligramu 200 unazitia kwenye kichupa pamoja na maji ya CTAB, dawa ya kufungua seli ili vinasaba vitoke, unakiweka kwenye joto la nyuzi 65 kwa saa moja. Mara ya kwanza vyangu viligeuka uji. Wanga uliiva, ukawa mzito hata pipeti haivuti, na wanga ukibaki huizuia PCR isifanye kazi. Nikaongeza kimeng'enya cha kuvunja wanga, ukalegea. Halafu klorofomu, ambayo harufu yake tamu ilinikaa nguoni hadi nyumbani, halafu isopropanoli, halafu ethanoli ya asilimia 70 ya kuosha. Mwisho wa yote hayo, chini ya kichupa kunabaki doa jeupe dogo kuliko kichwa cha pini. Hilo ndilo hindi lenyewe, kwa maana ya maandishi yake.

Ndani ya mashine ya PCR kipande unachokitafuta huongezeka maradufu kila mzunguko. Mizunguko 35 ikienda sawasawa, kipande kimoja kinakuwa zaidi ya bilioni 34. Ndiyo nguvu ya kipimo hiki, na hapo ndipo kiliponiangusha.

Matokeo ya kwanza nilikwenda kuyasoma jioni peke yangu. Nikaweka jeli, ambayo hutenganisha vipande vya vinasaba kwa urefu wake, juu ya taa ya urujuanimno, nikavaa miwani. Mrija wa maji matupu, wa kuangalia kama kuna uchafu, ulikuwa safi. Unga linganishi wa MON 810 uliotoka Geel, Ubelgiji, ulionyesha mstari wa 35S pale unapotakiwa, kwenye besi 195 (besi ni herufi za vinasaba, na idadi yake ndiyo urefu wa kipande). Chipsi za njano mstari wake ulikuwa mnene. Na mahindi ya mzee wa Kaloleni nayo yakaonyesha mstari hapo hapo, umefifia, lakini upo.

Nikampigia mama usiku ule ule. Kosa langu ni hilo. Mama hakutaka makubwa, akaacha kununua kwa mzee. Mzee alikuja na magunia mawili kwa matatu ya kukodi, akaambiwa ngoja kwanza, akarudi nayo.

Kilichonisumbua ni mbegu. Mzee hapandi mbegu za dukani. Anapanda mdzihana, mahindi ya kienyeji ya Wamijikenda, anayoyatunga juu ya moshi wa jiko msimu hadi msimu. GMO imeingilia wapi? Nilikaa na swali hilo siku nne. Ya tano nikanunua nusu kilo ya mchele, nikausaga kwenye kisagio kile kile nilichotumia kwa mahindi yote, nikaupitisha hatua zote kama sampuli. Safari hii sikutafuta GMO. Nilitafuta zeini, jeni ya mahindi yenyewe, ambayo mchele hauna.

Mstari ukatokea kwenye besi 277. Mchele wangu ulikuwa na mahindi ndani.

Nikafungua kisagio. Nilikuwa nimekiosha kila mara, kwa sabuni na kwa jiki, lakini sikuwahi kutoa mpira ulio chini ya kisu. Nilipoung'oa kwa bisibisi, pembeni yake kulikuwa na utepe wa unga ulioshikamana kama ukoko. Ulikuwa wa njano. Mahindi ya mzee ni meupe. Jioni ya kabla sijasaga mahindi yake, nilikuwa nimesaga zile chipsi. Ule mrija wa maji nilioutegemea haukuweza kunionya, kwa sababu maji huingizwa hatua ya mwisho kabisa. Hayapiti kwenye kisagio.

Nilikwenda Kaloleni mwenyewe, pamoja na mama. Nilimweleza mzee kwamba uchafu ulikuwa wa chombo changu, na mahindi yake nilikuwa nimeyapima upya kwa kinu cha mkono kipya, mara tatu, na hayakuonyesha kitu. Alinisikiliza hadi mwisho. "Binti yangu," akasema, "mbegu hii nilipewa na mama yangu. Karatasi yako ningeijibu kwa lugha gani?" Sikuwa na neno. Mpaka leo kila ninapotaka kutoa matokeo mapema naisikia sauti yake. Mama alimlipa nauli ya siku ile aliyorudishwa, na magunia yakaingia dukani.

Baada ya hapo nilianza upya. Mahindi ya wakulima kwanza, vya viwandani mwisho. Mchele unasagwa kabla ya kila sampuli, na unapimwa kama wenzake. Chumba cha kusagia mbali, cha kuchanganyia mbali, cha kufungulia mirija iliyotoka kwenye PCR mbali zaidi, na koti la chumba kimoja haliendi kingine. Kila sampuli ipimwe zeini kwanza. Sampuli isiyoonyesha zeini haina jibu, hata kama 35S haipo.

Kanuni hiyo ya mwisho ilifanya kazi siku ile ile kwenye kornflekisi. 35S haikuonekana, ningeweza kushangilia, lakini zeini pia haikuonekana. Mahindi yaliyochemshwa, yakapondwa na kuokwa, vinasaba vyake hukatikakatika vipande vidogo, na mimi nilikuwa natafuta kipande kirefu. Nikaagiza praima, vinasaba vidogo vinavyoielekeza PCR itafute nini, za vipande vifupi, 35S ya besi 123 na zeini yenye urefu kama huo, na safari hii zeini ikaitika. 35S haikuitika. Hapo nikaweza kuandika. Kornistachi ilitoa zeini iliyofifia tu. Mafuta hayakutoa chochote, kwa kuwa yakishasafishwa kiwandani karibu hakuna vinasaba vinavyobaki, na nilikataa kuyaandikia jibu lolote.

Unga wa uji ndio ulionipa kazi kubwa. 35S ilionekana, NOS ikaonekana, mara tatu kati ya tatu, na mchele wa kabla yake ulikuwa safi. Ningesema mahindi yake ni ya GMO, ningekuwa nimerudia kosa la Kaloleni. Nikasoma pakiti: mahindi, mtama, wimbi, soya. Soya ya kustahimili dawa ya magugu iliyolimwa sana duniani kwa miaka mingi ina 35S na NOS zote mbili. Nikapima jeni yenyewe badala ya swichi. Cry1Ab ya mahindi ya Bt haikuwepo. Jeni maalumu ya soya ile ilikuwepo. Kwa kadiri nilivyoweza kuona, GMO ilikuwa kwenye soya. Ni kiasi gani, kipimo changu hakikuweza kusema, na sheria ya Kenya inataka lebo pale inapozidi asilimia 1. Kuhesabu asilimia kunataka mashine nyingine ambayo sikuwa nayo. Nikaandika hivyo.

Zile chipsi za njano zilikuwa na GMO, bila shaka yoyote. Zilizobaki, ukiacha mafuta, hazikuonyesha kitu kwenye kiwango nilichoweza kukiona, ambacho kwa unga wa Geel kilishuka hadi asilimia 0.1.

Kama GMO ina madhara au haina, kipimo hiki hakisemi, nami sikumwambia mteja yeyote kwamba kinasema. Ninachoamini ni kwamba anayeshika punje kiganjani na kuuliza anastahili jibu la kweli, likiwa la kufurahisha au la.

Mama alitaka tuandike ukutani "HAKUNA GMO". Nikamwomba tuandike: "Mahindi ya gunia hili, kilo moja ilipimwa, GMO haikuonekana," na tarehe chini yake.

"Maneno marefu hayo, mwanangu."

"Ndiyo niliyoyaona, mama."

Akayaandika kwa kalamu nyekundu juu ya kipande cha katoni, akakitundika karibu na mizani. Mwezi Machi yalipoingia mahindi mengine, alikata tarehe kwa mstari, akachota kilo moja juu, katikati na chini ya gunia, akanitumia kwa basi la usiku.