Polishi nyekundu iliyobandua vigae vyangu

Muuza duka aliniambia, "Dada, kubandika vigae hivi vya plastiki hakuna kazi kubwa. Futa vumbi, bandua karatasi, bandika." Nikamwamini, na imani hiyo ilinila vigae 19.

Chumba ni cha mama, Ngamiani, Tanga. Futi 10 kwa 12, sakafu ya saruji iliyopigwa niru nyekundu. Kuweka marumaru za kawaida sikutaka: vumbi la kuvunja lingemuua mama mwenye pumu, na mlango ungebidi ukatwe chini. Vigae vya plastiki vya kujibandika vina unene wa milimita 2 tu, tena kila kimoja ni futi moja kwa moja. Vigae 120 basi, nikaongeza 15 vya kukatia. Laki mbili na ushee zikaondoka.

Nilipiga deki mara mbili, nikaanzia upande wa kitanda. Palipendeza! Siku ya tano kona zikaanza kujikunja. Nakanyaga zinalala, asubuhi zimeinuka tena. Nikavuta kimoja, kikatoka chote bila ubishi, na mgongo wake ulikuwa mwekundu. Nikaugusa: utelezi. Hapo ndipo nilipoelewa. Tangu sijaanza shule, kila Ijumaa mama alikuwa akiisugua sakafu ile kwa polishi na kipande cha blanketi. Gundi ya vigae ilikuwa imeshika nta ya polishi hiyo, haijagusa saruji hata kidogo.

Fundi mmoja akanishauri niongeze supaglu kwenye kona. Tafadhali, asikudanganye mtu: nta itabaki pale pale chini.

Nilimhamishia mama kwa mdogo wangu, jiko la mkaa nikalitoa nje, madirisha wazi, nikanunua tapentaini. Unamwaga kidogo, unasugua kwa stiliwaya, halafu unafuta papo hapo kwa tambara safi. Ukichelewa, nta inarudi kukaa ilipokuwa. Matambara yalitoka mekundu kama damu, siku mbili nzima. Kisha maji ya moto na sabuni ya unga, na kusuuza mpaka mikono ikachoka.

Nilijuaje kama imetoka? Tone la maji. Penye nta, tone linasimama kama shanga, ukilisukuma linakimbia. Penye saruji tupu linatandaa, linaacha doa jeusi. Nilitembea chumba kizima na kikombe na kidole, futi kwa futi, na chini ya dirisha matone yakasimama. Nikarudia pale peke yake. Sijui kwa nini hakuna fundi aliyenitajia kipimo hiki, hakina hata gharama.

Niliacha pakauke siku tatu, feni inazunguka. Usiku wa mwisho nikabandika nailoni sakafuni kwa selotepu. Asubuhi haikuwa na jasho chini yake, nikajua unyevu haupandi.

Safari hii nilivuta nyuzi mbili zikutane katikati ya chumba, nikaanzia hapo, vipande vilivyokatwa vikaishia ukutani. Angalia mishale ya mgongoni, yote ielekee upande mmoja. Kwenye fremu ya mlango nilikata kwanza kipande cha boksi, nikakijaribisha, ndipo nikakifuatisha kwa kisu juu ya kigae. Kukandamiza, nilitumia kifimbo cha kusukumia chapati kwa uzito wangu wote, hasa kona.

Mwaka umepita, hakuna kona iliyoinuka. Kopo la polishi lililobaki nimempa jirani. Ijumaa mama anafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, basi.