Antena ya waya uani kwangu Malindi: nilivyozikimbia kelele za stima

Watu nikiwaambia nasikiza redio za mbali za masafa mafupi (shortwave) hapa Malindi swali la kwanza huwa waya wako una urefu gani, na mie nawajibu urefu si hoja, hoja ni waya umekaa wapi. Manake siku hizi stesheni zinafika vizuri tu, zinafunikwa na kelele za stima majumbani.

Kwa hivyo kabla sijanunua hata mita moja ya waya nilianza kuwinda kelele. Nilichukua redio yangu ya Tecsun ya betri, nikazima mein swichi nyumba nzima, na mvumo ukashuka pale pale, nikajua nyingi zinatoka humu humu ndani. Nikaanza kuwasha kimoja kimoja: chaja ya simu ya bei rahisi, taa za LED za barazani, king'amuzi cha TV, na kila kimoja kina sauti yake, chaja inavuma na kuhamahama, taa inachakarisha bendi nzima. Vitu hivi vina saketi inayokatakata stima maelfu ya mara kwa sekunde ili kushusha volteji, na kule kukatakata ndiko kunakotoa mawimbi ya redio. Chaja nikabadilisha, taa za barazani nikatoa. Ikabaki kontrola ya sola ya jirani, kile kifaa kinachoongoza kuchaji betri, hiyo inalia mchana jua likiwa kali betri zikichaji, jua likichwa inanyamaza, na jirani huwezi kumwambia azime sola yake, dawa ni kukaa nayo mbali.

Nikazunguka ua wote na redio mkononi nikisikiza penye utulivu. Kona ya nyuma kabisa, kati ya mnazi na mwarobaini, ndiko kulikokuwa shwari, basi antena ikaenda huko.

Waya wenyewe ni wa kawaida wa fundi stima, ule wenye plastiki, mita 12 hivi, sababu shaba tupu hapa pwani inaliwa na chumvi upesi. Kijana mgema alinipandia mnazi akanifungia kapi, kamba ikapita hapo na mwisho wake nikaning'iniza chupa ya lita tano iliyojaa mchanga. Kusi ikivuma mnazi ukayumba, chupa inapanda na kushuka, waya haukatiki. Uko kama mita nne juu ya ardhi. Kuna atakayesema hiyo ni chini mno, na kwa kurusha ni kweli, lakini kwa kusikiza chini ya megahezi 20 kelele ya hewani tayari inazidi kelele ya redio yenyewe, kwa hivyo ukiongeza nguvu ya mawimbi unaongeza vyote viwili, stesheni na kelele, na redio ndogo kama hizi ukizilisha waya mrefu sana zinalemewa, stesheni zinaanza kupandana.

Sasa penye siri yote ni pale waya unapokutana na kebo. Waya kama huu una ukinzani wa mamia ya omu (kipimo cha ukinzani), kebo ni omu 50 au 75, kwa hivyo nilisuka transfoma ndogo kwenye ringi ya feraiti (pete nyeusi ya madini ya chuma), mizunguko 15 upande wa antena na 5 upande wa kebo, hiyo inashusha ukinzani mara tisa. Na misuko hiyo miwili HAIGUSANI. Watu wengi hapa huunganisha upande mmoja wa vyote viwili, na hapo kelele ya nyumba inatembea juu ya ganda la kebo (wavu wa chuma unaozunguka waya wa ndani) mpaka kwenye antena halafu inarudi ndani kama stesheni. Ukitenganisha, njia hiyo umeiziba sehemu kubwa. Kule kwenye redio nikaizungusha kebo kwenye ringi nyingine ya feraiti mara kadhaa kuziba kilichobaki, na kebo yenyewe (waya wa dishi tu) nimeifukia mchangani.

Erthi ya antena iko peke yake pale konani, kipande cha bomba la shaba kutoka kwa fundi friji nimekipigilia chini, na kwa vile mchanga wetu ukikauka haupitishi kitu namwagia maji ya kuoshea vyombo. Erthi ya stima ya nyumba sijaigusa, ile iache ifanye kazi yake. Viungo vyote nimelehemu nikaviweka kwenye kopo la plastiki na silikoni.

Wallahi tofauti yake ni kubwa. Mchana nafungua bendi ya mita 19 (hizi ni urefu wa wimbi), jioni mita 25 na 31, baada ya isha mita 49 inafunguka kwa sababu ile tabaka ya chini ya anga inayomeza mawimbi mchana inatoweka jua likizama. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, inayorushwa kutoka Issoudun huko huko Ufaransa, na matangazo ya stesheni nyingine yanayopitia mitambo ya Talata-Volonondry kule Madagaska, yote yanaingia na unasikia mpaka mtangazaji anavyovuta pumzi. Na zile stesheni dhaifu zilizokuwa chini ya mvumo ndizo zinazonikesha.

Masika ikianza nachomoa kebo kabisa na kuiacha nje ya dirisha, radi hata ya mbali inaweza kuunguza redio.

Walioko Lamu mjini nyumba zimebanana na ua hakuna, huko ningejaribu waya wa duara juu ya dari, mbali na tangi na waya za stima, kwa transfoma hiyo hiyo. Aliyejaribu anieleze imemwendeaje.