Kutoka Amboni Hadi Handeni, Tukifuata Mishipa ya Mawe

Tulitoka Tanga mjini kwa barabara ya Mombasa, kilomita 8 hivi, tukaingia Kiomoni yaliko Mapango ya Amboni. Humo nyundo hatukuitoa: kuta zile zinahifadhiwa, na tochi pamoja na kioo cha kukuzia vinatosha kabisa.

Jiwe lenyewe ni la chokaa, la kijivu, limepitiwa na mistari myeupe. Mingine myembamba kama uzi, mingine upana wa kidole. Hiyo ni mishipa ya kalsaiti, madini yanayojengwa na chokaa iliyoganda. Wengi huichanganya na michirizi ya chokaa inayoachwa na matone ya maji. Mchirizi umelala juu ya ukuta. Mshipa umezama ndani ya jiwe.

Kinachotangulia ni ufa. Maji yaliyobanwa ardhini yakisukuma kuliko jiwe linavyostahimili, jiwe hupasuka. Kanieneo, yaani msukumo wa maji hayo, hushuka ghafla, gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka majini, na chokaa iliyoyeyuka huganda kwenye kuta mbili za ufa, ikikua kuelekea katikati. Ufa ukiziba, kanieneo hupanda tena, jiwe hupasuka upya palepale. Ndiyo maana mshipa mmoja huweza kuwa na tabaka nyingi nyembamba zilizopangana. Kwetu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote ya kutazama. Fuwele za kuta mbili zisipokutana, katikati hubaki tundu lenye vijino vinavyong'aa. Na mishipa miwili ikipishana, uliomkata mwenzake ndio uliozaliwa baadaye.

Tukapita Muheza na Segera, tukaingia Handeni. Huku miamba ni migumu, ya kale, na mishipa mingi ni ya kwatzi: maji yenye joto la mamia ya nyuzi hupanda na silika, ambayo ndiyo huunda kwatzi, yakipoa huiacha njiani. Kuzitofautisha ni rahisi. Kisu hukwaruza kalsaiti, na unga wake hutoa povu ukidondoshewa siki. Kwatzi haikwaruziki, bali yenyewe hukwaruza kioo.

Kwa anayetafuta dhahabu, kwatzi nyeupe safi mara nyingi haina kitu. Angalia penye rangi ya kutu, hasa kandokando ya mshipa, maana kutu hiyo huachwa na madini ya salfaidi, yaani yenye salfa, yaliyooza.

Shida kubwa ya mchimbaji ni mshipa kupotea ghafla shimoni. Mara nyingi haujaisha: ufa mpya umeukata na kuusogeza. Kabla ya kuliacha shimo, safisha ukuta wa ufa huo kwa maji, upapase mikwaruzo yake. Inakoelekea ndiko jiwe lilikoteleza. Tafuta mshipa kwa kuufuata mstari huo, pande zote mbili.