Nilivyoacha Kutupa Mchicha

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo hapa Malindi niliazimia kula vizuri, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuishi kwa mahamri na viazi vya karai. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu ale matunda na mboga zisizopungua gramu 400 kwa siku, basi kila Jumamosi nilitoka sokoni na kikapu kilichojaa mchicha, sukuma wiki, nyanya na maembe ya ngowe. Kufikia Jumanne, karibu nusu yake ilikuwa imeishia jaani. Niliumia sana kuona wenzangu waliokula chapati na maharagwe hawatupi kitu, ilhali mimi niliyetafuta siha ndiye niliyejaza ndoo ya taka. Vyakula vilivyo bora kwa mwili vingi ndivyo vinavyooza upesi, na hilo sikuambiwa na yeyote.

Wengi walinihimiza ninunue friji, wakijua fika kwamba kodi ya chumba pekee ilinielemea. Mmoja akanielekeza kwenye jokofu la vyungu. Nilinunua vyungu viwili kwa mia kadhaa, nikatia kidogo ndani ya kikubwa, nikajaza mchanga baina yake, nikaufunika mdomo kwa kitambaa kibichi na kuumwagia mchanga maji asubuhi na jioni kwa siku nne. Nilikuwa na matumaini makubwa. Siku ya tano nilipofunua, sukuma wiki ilikuwa ya manjano na nyanya zimeota ukungu. Baadaye nilielewa kwamba chungu hupoa maji yanapogeuka mvuke, na hewa yetu ya pwani, iliyokwisha kujaa unyevu wa bahari, haiyapokei kwa wepesi. Kaskazini mwa Nigeria, ambako mwalimu Mohammed Bah Abba aliueneza ufundi huo, hewa ni kavu. Aliyenishauri alipaswa kulifikiria hilo.

Aliyenifaa ni mama anayeuza mboga karibu na ninapoishi. Aliniambia, "Mwanangu, mchicha ni wa leo, haulazwi," akakubali kunikatia nusu fungu kila jioni nikitoka darasani. Jumamosi sasa hununua vinavyostahimili tu: boga zima, karoti, kabichi, na papai lililoanza mstari mmoja wa manjano. Ndizi mbivu huziweka mbali na matunda mengine, kwa sababu hutoa gesi ya ethilini inayoyaivisha haraka. Mchicha ukibaki, huusimamisha na mizizi yake ndani ya bakuli la maji, na asubuhi huukuta umenyanyuka.

Wali ndio ninaouhofia zaidi, kwa kuwa uliolala mezani katika joto hili unaweza kuwa na bakteria ambao mbegu zao haziuawi na kupikwa. Kwa hiyo mimi na mwenzangu wa chumbani hupima kikombe kimoja cha mchele, na kikizidi kitu humpelekea jirani usiku huo huo. Ndoo yangu ya taka siku hizi ina maganda ya boga na kokwa za maembe.