Siku moja na droni, shamba la michikichi Simbo

Saa 11 alfajiri. Umeme haukukatika usiku, betri zote nne zimejaa. Chai, maandazi mawili, begi mgongoni. Leo napiga picha shamba la mzee mmoja kule Simbo, Kigoma; anataka kujua ukubwa wake kabla hajawagawia wanawe.

Saa 2 asubuhi. Mzee ananionyesha sakafu ya saruji anapoanikia mise, yaani kokwa za michikichi. "Rushia hapa mwanangu, hakuna vumbi." Namshukuru, kisha nasogea mbali katikati ya shamba. Saruji ile ina nondo, na chuma huivuruga dira ya droni.

Programu inadai nisawazishe dira, yaani niizungushe droni ili isome upya mwelekeo. Nilitegemea, maana droni iliruka mara ya mwisho Tabora. Kijitabu chake kinasema ukisogea zaidi ya kilomita 50, sawazisha upya. Wapo wanaosawazisha kila asubuhi kama kupiga mswaki. Mimi sifanyi hivyo: ukisawazisha mahali pabaya, unaiharibu dira iliyokuwa nzima.

Naishika mlalo, nazunguka nayo duara zima. Naielekeza pua chini, nazunguka tena. Taa nyekundu. Narudia, nyekundu. Mjukuu wa mzee ananitazama mkono: "Kaka, saa hiyo haina neno?" Lo! Saa ya chuma, tena na funguo mfukoni. Nampa vyote, pamoja na simu, akae navyo mbali. Mzunguko wa tatu, kijani.

"Hii ni kazi au ngoma?" mzee anacheka.

Sijaridhika bado. Naielekeza pua ziwani, magharibi. Mshale kwenye ramani nao unaangalia magharibi. Nairusha mita mbili, naachia vidole, naitazama. Imetulia tuli.

Mwaka juzi pale Kibirizi, ufukweni, sikuwa na subira hiyo. Nilisawazisha juu ya boneti ya gari, nikarusha. Nilipoachia vidole ikaanza kuzunguka kama mwewe, duara likipanuka kuelekea majini, kwa kuwa dira na setelaiti zilikuwa zinabishana. Droni yangu ya wakati ule ilikuwa na swichi ya kuzima msaada wa setelaiti, nikairudisha kwa mkono. Ikatua juu ya dagaa wa mama mmoja, walioanikwa vizuri kabisa. Nililipa ndoo nzima.

Saa 5 nimemaliza, betri tatu.

Saa 7 mchana, ugali na migebuka kwa mzee. Ananong'ona: dira hiyo inaweza kumwonyesha kibla?

"Inaweza mzee, ila itabidi uvue saa kwanza."